Ramani ya Nyayo za Wateja: Inapimwaje, na Anayepimwa ni Nani?

Mwenye duka kubwa la kujihudumia huonyeshwa skrini yenye ramani ya duka lake, imejaa madoa mekundu, ya njano na ya buluu, akaambiwa kwamba madoa hayo ni wateja wake wa juma zima. Akiburuta kitufe kilicho chini ya ramani, saa hubadilika na madoa huhama. Akigusa rafu, idadi hujitokeza. Ni kitu cha kupendeza, na wengi hukinunua kwa sababu hiyo. Lakini mwulize yeye, msimamizi wake wa zamu na mpanga rafu, kila mmoja peke yake, doa jekundu lililo mbele ya friji za maziwa lina maana gani. Haitakuwa ajabu mmoja akijibu kwamba hapo ndipo panapouzwa zaidi, wa pili kwamba hapo ndipo watu wanapopita zaidi, na wa tatu kwamba hapo pana joto. Huyo wa tatu asichekwe, kwa kuwa ramani ya namna hii huitwa kweli "ramani ya joto".

Kazi ya kujua mapema kwamba watu watatu watasoma doa moja kwa namna tatu huitwa upimaji wa utumikaji, na nayo imezungukwa na mkanganyiko wake. Wapo wanaodhani ni mtihani wa wafanyakazi, wapo wanaodhani ni kura ya maoni, na wapo wanaodhani ni ukaguzi wa fundi anayehakikisha kwamba programu haigandi. Si mojawapo ya hayo matatu.

Tuanze na maneno yenyewe. Tukisema nyayo za wateja tunamaanisha idadi ya wanaoingia dukani, wanakopita, wanaposimama na kwa muda gani. Muuza duka wa mtaani ana habari hizo kichwani bila kompyuta: anaijua saa ya watoto wa shule, saa ya wanaotoka kazini, na anajua kwamba anayeshika sabuni na kuirudisha amepungukiwa na shilingi kadhaa. Duka lenye rafu arobaini halina kichwa kimoja cha kuyabeba yote hayo, kwa hiyo hutegemea vihisi: mwale ulio mlangoni unaokatizwa na kila mwili unaopita, kamera ya darini inayotazama vichwa kutoka juu, au kifaa kinachonasa mawimbi ya simu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Jeffrey Larson, Eric Bradlow na Peter Fader walichambua mienendo ya wateja wa duka la vyakula nchini Marekani kwa vifaa vidogo vya redio vilivyofungwa chini ya matoroli. Waligundua kwamba wateja hawapandi na kushuka kila kijia kati ya rafu kama wengi walivyoamini. Wengi huifanya njia ya pembezoni kuwa barabara kuu, wakachepuka kidogo ndani ya kijia na kurudi walikotokea. Hata hivyo, kilichofuatiliwa ni toroli, si mtu. Mama anayeliacha toroli mwanzoni mwa kijia ili akachukue chumvi, kwa hesabu za redio bado amesimama palepale. Kila kihisi kina upofu wake, na upofu huo huingia kwenye ramani bila kujitangaza.

Ramani kama hiyo ni taswira shirikishi, yaani picha ya takwimu inayoitikia anayeitazama. Jiji la Melbourne nchini Australia, kwa mfano, limekuwa likihesabu waendao kwa miguu tangu mwaka 2009, saa kwa saa, ikiwamo mitaa ya maduka kama Bourke Street Mall, na hesabu hizo huwekwa kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichagulia tarehe na saa. Picha ya gazetini ni moja, na mhariri huikagua kabla haijachapwa. Picha hii ni maelfu, kwa kuwa kila anayebadili saa, siku au eneo hutengeneza picha mpya, pengine ambayo hata aliyeiunda programu hajawahi kuiona. Haikaguliki kwa kutazamwa mara moja.

Neno la mwisho ni utumikaji. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, huueleza utumikaji, kwa ufupi, kuwa ni kiasi ambacho watumiaji mahususi, katika mazingira mahususi, hufikia malengo mahususi kwa ukamilifu, bila kupoteza nguvu na muda kupita kiasi, na kwa kuridhika. Neno "mahususi" limerudiwa mara tatu, na ndilo lenye uzito. Hakuna ramani inayotumika kwa urahisi hivihivi tu. Ipo inayotumika kwa urahisi na msimamizi wa zamu, saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imefika kwenye rafu za biskuti.

Fikiria unavyokwenda kwa fundi cherehani kujaribu nguo kabla haijamalizwa. Fundi hakuulizi tu kama imekupendeza. Anakuambia uinue mikono, ukae, uiname kana kwamba unaokota kitu. Nguo ikibana kwapani, hakuna anayekulaumu kwa kuwa na mikono. Fundi anachukua chaki na kuweka alama. Katika jaribio la utumikaji, ramani ndiyo nguo, anayeitumia ndiye mvaaji, na kuinua mikono ni majukumu anayopewa ayatekeleze mbele ya mtazamaji anayeandika.

Mlinganisho huo una mahali unapoishia, na hapo ndipo kiini cha jambo. Nguo ikibana, mvaaji huhisi. Programu ya kutuma fedha ikikosewa, fedha hazifiki na simu za malalamiko huanza. Ramani ya nyayo ikisomwa vibaya, hakuna kinacholia. Mtumiaji hupata jibu, hulifurahia, huhamisha rafu au hupunguza makeshia kwa jibu hilo, na hatajua kamwe kwamba alikosea. Kwa sababu hiyo kupima taswira ya takwimu ni tofauti na kupima tovuti ya kukata tiketi: haitoshi kutazama kama mtu amefika mwisho wa kazi, lazima kutazama kama alichoondoka nacho ni kweli.

Chukua kikao cha mfano, katika ofisi ya nyuma ya duka, jijini Dar es Salaam. Kijana anayeendesha jaribio ameketi kando, kidogo nyuma ya msimamizi wa zamu ambaye umri wake ni wa mama yake.

"Mama, hapa tunaipima ramani, hatukupimi wewe. Ukikwama, tumekosea sisi."

"Haya, mwanangu."

"Naomba uniambie, Jumamosi saa nane mchana, ni sehemu gani ya duka ina watu wengi?"

Mama anaburuta kitufe, anatazama, anaburuta tena. "Mbona hakuna watu? Saa nane duka liko tupu." Anafikiri kidogo. "Basi kumbe makeshia sita wa mchana ni wengi, wangetosha wawili."

Kitufe kimesimama kwenye maandishi "Saa 8". Programu ilipokuwa kwa Kiingereza ilionyesha 8:00, na mtu aliyezoea saa ya simu alijua kwamba hiyo ni asubuhi. Mfasiri akaweka neno "Saa" mbele ya tarakimu, akaondoa nukta na sifuri, na papo hapo saa mbili asubuhi, duka likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa, ikageuka kuwa saa nane mchana. Hakuna alama nyekundu iliyotokea, wala programu haikuganda. Kama mwendeshaji angekuwa anahesabu tu muda na vitufe vilivyobonyezwa, kikao hiki kingeingia kwenye daftari kama ufaulu wa haraka. Kwa maoni yangu, programu yoyote inayotafsiriwa kwa Kiswahili na kuonyesha saa ingepaswa kupimwa kwa swali hili kabla ya mengine yote.

Maneno mengine huteleza vivyo hivyo. Muda ambao mteja huutumia mbele ya rafu ukiandikwa "muda wa kukaa", wapo watakaotafuta viti. "Muda wa kusimama mbele ya rafu" ni maneno marefu zaidi, lakini yanasomeka.

Jaribio la pili ni la rangi, na hili huwanasa hata wasomi. Mwombe mtumiaji alinganishe Jumamosi na Jumanne. Anachagua Jumamosi: karibu na mikate pana doa jekundu iva. Anachagua Jumanne: doa jekundu iva lipo palepale. Anahitimisha kwamba mikate ina wateja sawa siku zote mbili. Kumbe programu nyingi, kila unapochuja takwimu, hupanga rangi upya, yaani huipa rangi nyekundu sehemu yenye watu wengi kuliko zote katika siku hiyo peke yake. Wekundu wa Jumamosi unaweza kuwa watu 400 kwa saa, na wekundu wa Jumanne watu 40. Ni kama mwalimu anayempa alama A mwanafunzi wa kwanza wa kila darasa bila kujali amepata ngapi, halafu mzazi akalinganisha A za madarasa mawili. Ufunguo wa rangi uliopo pembeni huwa umebadilika, ndiyo, lakini mtaka kulinganisha hutazama ramani, hatazami pembeni.

Lipo pia suala la doa lenyewe kuhesabu nini. Watu 10 waliosimama dakika 1 kila mmoja, na mtu 1 aliyesimama dakika 10, hutoa doa lilelile iwapo ramani inajumlisha muda. Foleni ya keshia huiva kwa wekundu ingawa hakuna aliyependa kuwa pale. Na kama waundaji hawakuwaondoa wafanyakazi kwenye hesabu, mlinzi anayesimama mlangoni zamu nzima ndiye "mteja" mwaminifu kuliko wote. Mlangoni kwenyewe, mama aliyeingia na watoto watatu ni vichwa vinne na risiti moja, kwa hiyo Jumapili ya familia huweza kuonekana kama siku ya watu wasionunua.

Tena kuna sifuri na kimya. Umeme ukikatika na kihisi cha kona ya vyombo kikazimika kwa muda wa saa tatu, ramani nyingi huipaka kona hiyo buluu ileile ya mahali pasipo na watu. Asiyejua atasema kona imekufa, na rafu itahamishwa. Jaribio zuri hupandikiza tukio la namna hii kwa makusudi: wapimaji huandaa takwimu ambazo majibu yake wanayajua tayari, wakazima kihisi kimoja, wakamwuliza mtumiaji kona ipi haina wateja. Akiitaja ile iliyozimwa, tatizo limepatikana, na si lake. Tiba yake ni mistari ya kijivu na maneno "hakuna takwimu", basi.

Inafaa kusema kwa nini rangi hasa ndiyo yenye matata. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha utafiti ulioeleza kwamba macho ya binadamu hukadiria kiasi kwa usahihi zaidi kwa mahali kitu kilipo kwenye mizani moja na kwa urefu wake, kuliko kwa eneo. Rangi waliiweka chini kabisa katika mpangilio wao. Kwa lugha ya sokoni, ukipanga mafungu mawili ya mchele kwa urefu mteja atajua lipi limezidi na kwa kiasi gani, lakini ukimwambia akadirie kwa weupe wa mchele atabahatisha. Ramani ya joto hujibu vizuri swali la "wapi", na hujibu vibaya swali la "ngapi". Isitoshe, miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini takribani 8 kwa 100 hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa watu wa asili nyingine kiwango huwa chini, lakini si sifuri, na meneja wako anaweza kuwa mmoja wao bila yeye mwenyewe kujua.

Tukirudi kwenye kikao, mbinu kuu ni kumwomba mtumiaji afikiri kwa sauti: aseme anachotafuta, anachotarajia, kilichomshangaza. Mwendeshaji hunyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kunavyoonekana, hasa mtu mzima anapokugeukia na kukuuliza, "Nibonyeze hapa, au?" Jibu linalofaa ni swali: "Wewe, mama, unadhani ukibonyeza hapo kutatokea nini?" Kwetu kuna kizuizi cha ziada, nacho ni adabu. Mtu aliyekuletea kazi yake na kuketi mbele yako humvunji moyo. Unamwambia "iko vizuri tu". Bosi akiwa chumbani, mambo huharibika zaidi, kwa kuwa kila kosa la kusoma ramani hugeuka aibu ya kazini. Bosi atoke. Na kama kikao kinarekodiwa, mshiriki aelezwe na akubali kwanza, maana sauti na sura yake ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022.

Dhana potofu inayosikika sana ni kwamba jaribio lenye washiriki watano haliwezi kuwa la kisayansi. Nyingine, iliyo kinyume chake, ni kwamba watano wanatosha kwa kila kitu. Zote mbili zinatokana na hesabu moja. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichambua, mtumiaji mmoja hufichua kama asilimia 31 ya matatizo. Wa pili hurudia baadhi ya yale ya wa kwanza na kuongeza mapya machache, na kuendelea, hata kufikia watano yamepatikana kama asilimia 85. Ni sawa na bodaboda watano wanaopita barabara mpya: mashimo makubwa yote watayakuta, na wa sita atakuambia yaleyale. Lakini wastani ni wastani. Laura Faulkner, katika utafiti wake wa mwaka 2003 wenye watumiaji 60, aliona kwamba baadhi ya vikundi vya watano vilipata asilimia 99 ya matatizo na vingine 55 tu. Na tatizo linalompata mtu 1 kati ya 10 lina nafasi ya asilimia 41 tu ya kuonekana mbele ya watano. Zaidi ya hapo, ukitaka kujua wastani wa muda wa safari nzima, si mashimo yaliko, bodaboda watano hawakufai. Msimamizi wa zamu, mpanga rafu na mhasibu nao si kundi moja. Kila mmoja anaitazama ramani kwa swali lake, kwa hiyo watano hao wahesabiwe kwa kila kundi.

Dhana nyingine ni ya alama. Hojaji maarufu ya SUS (System Usability Scale, yaani mizani ya utumikaji wa mfumo), ambayo John Brooke aliibuni mwaka 1986 na kuichapisha mwaka 1996, ina kauli kumi ambazo mtumiaji huzikubali au kuzikataa kwa ngazi tano, kisha hupatikana alama kati ya 0 na 100. Alama 68 si asilimia 68, wala si ufaulu wa daraja la pili. Ni karibu na wastani wa mifumo mingi iliyopimwa kwa hojaji hiyo. Ina manufaa yake, lakini hupima jinsi mtu alivyohisi. Yule mama wa saa nane angeweza kutoa alama 90 kwa moyo mweupe, kwa kuwa kwa upande wake kila kitu kilikwenda sawa.

Kwa hiyo mimi hupendelea swali moja dogo linaloulizwa baada ya kila jibu: "Una uhakika kiasi gani, kuanzia moja hadi tano?" Aliyekosea na akasema moja hana hatari kubwa, maana ataulizia kabla ya kuhamisha rafu. Aliyekosea akasema tano ndiye anayepaswa kuanza kwenye ripoti, juu ya malalamiko yote kuhusu ukubwa wa herufi na rangi ya vitufe. Ripoti yenyewe isiwe ndefu. Mwundaji wa programu akitazama dakika mbili za video ambamo mtu mwenye akili timamu anapunguza makeshia wa mchana kwa takwimu za asubuhi, hahitaji kurasa arobaini za kumshawishi.

Baada ya marekebisho hufuata duru ya pili, kwa washiriki wapya, kwa sababu wale wa kwanza wamekwisha kujifunza mitego. "Saa 8" imekuwa "Saa 2 asubuhi", na hilo kwa kawaida halirudi kusumbua. La rangi ni gumu zaidi. Ukifunga mizani ya rangi ili wekundu uwe na maana moja siku zote, Jumanne yote hupauka, ramani nzima ikawa buluu hafifu, na mtumiaji wa kwanza atakayeifungua atasema imeharibika, au mtandao umekata. Waundaji wengi hapo hurudisha mizani ya zamani kimyakimya. Wengine huweka swichi yenye maneno mawili, "linganisha siku" na "tazama siku hii tu", pamoja na nguzo ndogo za idadi kando ya ramani. Iwapo watu wataiona swichi hiyo, na iwapo wataielewa kabla ya kukimbilia madoa mekundu, ndilo swali la duru ya tatu.